Mbwa Wetu Ana Walimu Wawili

Jumatano. Joto la Tabora la kabla ya mvua, lile linalokaa juu ya bati likikusubiri uingie ndani. Mawingu yapo, yanatutazama tu kama mgeni aliyekataa kukaribia.

Naandika haraka haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana msilaumu shule yangu. Shule yangu ina makosa yake mengine.

Leo nimeona mke wangu amekufa.

Hajafa. Yuko hapo jikoni ananisonya. Lakini kwa muda wa kufungua mlango na kuuachia, nilikuwa mgane.

Bosi mnamjua, mtoto wa mbwa tuliyeletewa na shemeji yangu kutoka Ziba. Tulimwita Bosi kwa sababu anakula na hafanyi kazi. Majirani hapa Mtendeni waliguna, nyumba ya swala tano kufuga mbwa! Mama Zuhura, ndiye mke wangu, akawajibu kwamba mbwa ni wa uani, ndani haingii, na chombo chake kiko peke yake. Yeye kakulia Ziba, kwao mbwa na ng'ombe wanaelewana kuliko mimi na wakwe zangu. Kwa hiyo mafunzo akayashika yeye.

Sheria aliniwekea mimi kwanza, mbwa baadaye. "Baba Zuhura, mimi nikimwambia hivi na wewe vile, atafuata lile lenye kitoweo." Nikakubali. Nikaapa kabisa kwamba simlishi kwa mkono, simdekezi, na neno tutakalompa litakuwa moja.

Nilikuwa namdanganya, bila shaka.

Kila baada ya adhuhuri, kabla sijaenda baoni, Mama Zuhura akienda sokoni, mimi hutandika mkeka uani na kujinyoosha. Bosi anakuja. Nilimfundisha mwenyewe: mzee akilala chini na wewe unalala, mgongo kwa mgongo, kimya. Akitulia anapata kipande cha utumbo wa kuchoma kutoka mfukoni mwa kanzu. Nilijiona mwalimu mkuu. Nilipanga siku moja niwaite wenzangu wa bao waje washangae.

Leo nilikwenda kunyoa, nikakuta kinyozi kafunga, nikarudi mapema. Nikasukuma mlango wa uani.

Mama Zuhura yuko chini kando ya jiko, kalalia ubavu. Kanga imemtoka kichwani, sufuria imepinduka, mkono umenyooka kama wa mtu aliyetaka kushika kitu akakikosa. Na Bosi kalala nyuma yake, mgongo kwa mgongo, kimya.

Nilitaka kusema Inna lillahi, ikatoka dua ya kula. Halafu nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao.

"Usimsemeshe," maiti akasema, macho kayafumba. "Mwache aamue mwenyewe."

"Nani aamue?"

"Mbwa!"

Hapo hapo sauti ya Bi Mwanaidi, jirani yetu, ikavuka ukuta: "Mama Zuhura weee! Mbona leo haji? Nimeshika dagaa hapa mpaka vidole vinanuka!"

Nikakaa kwenye vumbi. Kumbe siku zote nikiwa baoni, hawa mabibi wawili wana shule yao. Mama Zuhura anajiangusha, Bosi anatakiwa atoke mbio hadi mlangoni kwa Bi Mwanaidi, abweke mpaka mtu aje. Akifanya hivyo anapewa dagaa. Alikuwa keshaanza kuelewa, halafu ghafla akawa analala. Wakadhani anaumwa.

Mama Zuhura akainuka, akajipangusa. "Nani kamfundisha huyu kulala mtu akianguka?"

Bosi akaja kunusa mfuko wa kanzu yangu.

Nikajaribu njia yangu ya siku zote. "Watu wa Ziba bwana, hata kufa mnafanyia mazoezi! Subiri basi ninyoe, nisije kuzika na nywele hizi."

Hakucheka.

"Nilishaanguka, baba."

Akanieleza huku anaokota sufuria. Ni siku ile maharage yalipoungua. Mnaikumbuka, niliandika humu humu kwamba mke wangu siku hizi anapika mkaa kwa nazi, mkacheka, wengine mkaomba niendelee. Siku ile kizunguzungu kilimshika akaanguka pale pale kando ya jiko. Aliniita. Aliniita mpaka sauti ikaisha, maharage yakiungua karibu na kichwa chake, hata akapata nguvu ya kuinuka peke yake. Mimi nikarudi kutoka baoni, nikanusa, nikaanza vichekesho.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya utani."

Basi. Ndilo jibu lote.

Nimekaa na mwanamke huyu mpaka meno yetu yamepungua pamoja, na kumbe aliyemfunga mdomo ni mimi. Mimi!

Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda hospitali akapime presha. Akasema atakwenda mbwa akishaelewa. Nikasema mwenye kizunguzungu si Bosi. Midomo ikamcheza kidogo, lakini akakaza: "Na nikitoka huko, mchana nabaki na nani? Wewe baoni, Zuhura yuko Mwanza." Tukavutana kama wachuuzi wa sokoni. Mwisho yeye kakubali hospitali kesho. Mimi nimekubali neno liwe lake, Bosi apewe dagaa wa Bi Mwanaidi tu, na mkeka wangu umehamia chumbani, kwenye joto, ambako Bosi haruhusiwi.

Jioni hii akaniamuru nianguke mimi. Nikajilaza taratibu. "Usijipange kama sultani! Anguka!" Nikaanguka, kiuno kikalia.

Ukiwa chini pale huoni mtu. Unaona miguu ya kichanja cha vyombo, tumbo la pipa la maji, na mlango wa uani ukiwa mbali kama uko Nzega.

Sikujua hilo.

Bosi akaja, akalala mgongoni kwangu, akangoja utumbo wake. Sikumpa. Akanilamba sikio, itabidi nikaoshe. Mama Zuhura kasimama pembeni. Baada ya kitambo mbwa akanyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akarudi kulala.

"Kafika nusu," Mama Zuhura akasema, akanipa mkono niinuke.

Kesho asubuhi hospitali. Wenzangu wa bao watafute mtu mwingine wa kumfunga. Jioni nitaanguka tena.