Kiti cha Dirishani Kilichosafiri Tupu

Jumatano, Suna. Mvua imeanza saa nane na bado haijaamua kukoma. Nimefunga duka mapema. Roho yangu ni nzito, afadhali niandike.

Jana tulimrudisha mama kwake Homa Bay kutoka Nairobi. Daktari wa macho hakuzungukazunguka: jicho la kushoto limeisha, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Presha ya macho. Mama aliitikia tu. Halafu akaniomba kitu kimoja. Alizaliwa kisiwani Takawiri, akaolewa akatoka, na siku zote amekiona akiwa ndani ya mtumbwi. Kwa vile tunarudi na ndege, angependa kukiona chote kwa mara moja, kabla.

Hakumaliza hiyo sentensi.

Basi nikauliza kila mtu aliyewahi kupanda ndege ya Homa Bay. Kaeni kulia, wakaniambia, nyuma ya bawa, asubuhi kabla mawingu hayajajikusanya. Ikianza kushuka mtaona ziwa hadi visiwani. Nikachagua viti kwa simu. Dirisha la mama, safu ya saba. Dirisha langu, nyuma yake.

Ndiyo, langu. Ningekaa kando yake kama mtoto mwenye akili, lakini nilikuwa sijawahi kupanda ndege na nilitaka kuona. Mume wangu, Odhiambo, nikampa kiti kilichobaki kando ya mama.

Mjaluo mzima, mama wa watoto watatu, nimemketisha mkwe bega kwa bega na mama mkwe wake! Kwetu hawa wawili wanaheshimiana kwa umbali. Hata sebuleni kila mmoja ana upande wake. Nilijua haya yote. Siku ile nilikuwa nawaza dirisha tu.

Nilimfunga mama mkanda, nikaketi kwangu, nikaanza kupiga bawa picha. Odhiambo aliingia mwisho. Mama alipomwona amesimama kwenye safu yake, alifungua mkanda, akampisha, akaenda nyuma kabisa upande wa kushoto. Mimi sikuona. Odhiambo naye angefanya nini, amfuate mama mkwe akimbembeleza? Aliketi pembeni akiangalia magoti yake.

Tulikuwa juu tayari nilipochungulia katikati ya viti nikakosa kitambaa cha kichwani cha mama.

Woi, nilimkimbilia. Nikamwambia nimhamishe Odhiambo, ni dakika moja tu. Akanishika mkono. “Ukimwinua mbele ya watu, utamwaibisha mara ya pili. Wacha.” Nikabembeleza. Akakataa. Dirisha langu mwenyewe hata sikukumbuka kumpa. Kisha tukaambiwa tufunge mikanda, ndege inashuka.

Kiti cha mama kilikaa tupu mpaka Homa Bay. Odhiambo hakusogea hata kidogo kuelekea dirishani.

Na mimi niliona. Mbingu zilikuwa safi. Ziwa lilitanda, na mbali kule, kando ya kisiwa kikubwa cha Mfangano, kisiwa cha mama, kidogo, kikiwa na ukingo mweupe wa mchanga. Nilipiga picha tano huku nikilia.

Uwanjani aliniuliza, “Umepaona kwetu?”

“Hapana, mama. Mawingu.”

Sijui ulitoka wapi uongo huo. Nadhani niliona aibu kuwa na kitu alichokosa kwa sababu yangu. Akanipapasa mgongoni, jinsi alivyokuwa akifanya nikiwa mgonjwa utotoni. “Pole, nyathina, mwanangu. Na vile ulitaka kuona.”

Alinipa pole mimi.

Leo nimezitazama picha hizo mara nyingi mno. Ukikuza moja, kisiwa kinajaa simu nzima. Jicho la kulia bado linaweza. Asubuhi naenda Homa Bay, na sitamtuma mtu, wala sitasubiri Sabato. Nitamwambia mbingu zilikuwa safi, kisha nimwekee simu karibu na jicho.

Kosa la kiti atanisamehe, namjua. Ile pole yake ndiyo sijui nitairudishaje.