Seva inakusubiri wewe, Zuberi

Zuberi, rafiki yangu,

Zile tovuti zako tatu zimesimama. Nimezisimika mwenyewe, kwa kidole hiki kimoja chenye ukucha mbovu, na vijana wa Rohero wenye diploma wananifuata barabarani wakitaka ushauri. Mi nawapita tu kama siwaoni.

Apana. Uongo mtupu. Anayenifuata ni Mwajuma, mjane wako, na anachotaka ni sufuria yake niliyoondoka nayo matangani. Tovuti haijafunguka hata moja.

Ngoja nikueleze, maana uliondoka kazi ikiwa katikati, kama kawaida yako. Wale wanaowapa wenye miradi nafasi ya bure kwenye seva yao walitupa chumba kimoja, na sisi tuna makundi matatu yasiyopatana: wachuuzi wa soko kuu lililoungua, mafundi magari wa Buyenzi, na akina mama wauza ndagala, vile visamaki vya ziwani. Ulipowaweka kwenye tovuti moja ya aina ile ya Wikipedia, kila mtu aandike na asahihishe atakavyo, fundi mmoja alifuta ukurasa mzima wa akina mama akaweka giaboksi. Vita! Ndipo ukanifundisha: programu moja, ghala moja la data, lakini kila tovuti na jina lake mbele ya majedwali yake. "Kasimu, ni kama kuoa wake watatu uwanja mmoja. Kila mke na mlango wake, na we usikosee mlango." Mutu wa kunifundisha hayo, we uliyeshindwa na mmoja!

Basi mi, niliyeacha shule darasa la nne, sikukosea mlango. Nilikaa dukani kwako pale Asiatique, kando ya mashine ya fotokopi, nikasimika moja, nyingine, na nyingine. Kurasa zote ulizoniachia kwenye flash yako zikapanda. Nikauona ukurasa wa soko, nani alikaa wapi kabla ya moto: we na kalamu zako, mi na viatu vya mitumba, katikati yetu Bi Zaina wa mawese, tuliyemtaka wote wawili akatutukana wote wawili. Nililia kidogo. Usimwambie mutu huko.

Mwisho seva ikauliza: mwenye mradi ni nani, na barua pepe yake? Mara zote tatu nikaandika jina lako na anwani yako. Ningeandika la nani? Arobaini yako ilikuwa bado. Hata kiti chako cha dukani tulikuwa tunakizunguka. Kazi yote hiyo mi nimeifanya nimekalia ndoo.

Seva ikajibu: tumemtumia mwenye mradi ujumbe, aufungue, athibitishe.

Zuberi. Wanakusubiri wewe.

Neno la siri la barua pepe yako umekwenda nalo. Simu yako Mwajuma aliifutisha kila kitu kabla ya kuiuza, apate cha kula na watoto, siwezi kumlaumu. Niliwaandikia wenye seva kwamba umefariki. Wakajibu kwa adabu sana kwamba anayeweza kubadilisha jina la mwenye mradi ni mwenye mradi. Flash nayo imekufa. Nimeizungusha kwa mafundi, wa mwisho akanirudishia mkononi akasema, "Pole, mzee," kama wanavyosema hospitali. Kwa hiyo kurasa ziko kule tu, nyuma ya milango yako, na mwezi ukiisha wanafuta kila kisichothibitishwa.

Nimejaribu kuliandika soko upya kwa kichwa changu. Safu ya kwanza ninayo. Ya pili inayumba, nani alikaa baada ya yule wa vitenge? Ya tatu naona moto tu. Na wa kuwauliza, wengi wako huko kwako.

Haya, lala, mkaidi we. Naahidi kila asubuhi nitapita dukani kutazama kama imefunguka, mpaka mwezi uishe, ingawa najua.

Lakini usisahau una deni langu. Nilimwapia Mwajuma kwamba ulikuwa nami msikitini, nawe ulikuwa Kinindo kwenye karata. Niliapa, Zuberi, na ilikuwa Ramadhani. Sijakudai hata siku moja. Leo nakudai. Ujumbe uko mara tatu. Mafundi watanitukana, akina mama watanipiga na ndagala, sijali: fungua ule wa soko tu, uguse mara moja.

Kasimu