Bwana Mkubwa Kaniletea Isale

Jumapili, Uru, huku mlimani Kilimanjaro. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi nimeamka na hasira.

Nimetoka ibada ya kwanza, nimekata majani ya ng'ombe, nimepika mtori wa ndizi, hasira haijaisha. Basi naandika.

Unayepita hapa mara ya kwanza, ujue hivi: majuma mawili yaliyopita niliweka kwenye blogu hii ramani ya mradi wa maji. Inaonyesha mfongo wetu, ule mfereji waliouchimba mababu na unaonywesha vihamba vyote vya huku, mashamba yetu ya migomba, ukikatwa juu kwenye chanzo na maji kupelekwa kwenye hoteli ambayo bado haijajengwa. Ramani ina mhuri mwekundu: SIRI. Kwenye mkutano wa kijiji bwana mkubwa wa wilaya alituapia kwamba mradi huo haupo. Wakati huo vigingi vya wapimaji vilishasimama katikati ya migomba ya mama yangu.

Siri gani hiyo ambayo mbuzi wangu anajikunia?

Tangu hapo ni kelele. Mheshimiwa mmoja amesema redioni kwamba aliyevujisha ni msaliti, asakwe. Mwingine wa upande wa pili amempongeza msaliti huyo, kisha akaomba kura humohumo. Huko mjini wanabishana kwenye simu kama ni mtu wa idara ya ardhi au wa idara ya maji. Wote wanauliza nani kavujisha. Kuhusu maji yenyewe, kimya.

Mimi namjua aliyenipa. Ana watoto, na jina lake likijulikana atapoteza kazi, huenda na kufungwa akafungwa. Na niseme ukweli: naogopa. Gari likisimama barabarani nachungulia dirishani kwanza. Nimeitwa wilayani kesho nikahojiwe, na nimeshamwomba jirani anikamulie ng'ombe nisiporudi.

Leo mchana akaja baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Nikamwamkia, nikamwekea mtori. Hakuugusa. Akatoa ndani ya koti jani la isale lililofungwa fundo.

Wageni watadhani ni jani tu. Huku kwetu mmea huo tunaupanda kwenye mipaka na makaburi, na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake kuomba radhi, humkatalii. Hata kama amemuua ndugu yako. Ukilirudisha, ukoo mzima utakutenga.

"Limetoka kwa bwana mkubwa wa wilaya," akasema. "Ni mtoto wa huku huku, mila anazijua. Anaomba uifute ile ramani, na umtajie huyo mtu aliyekupa, mambo yaishe kabla ya kesho. Mae, mwanangu, isale halirudishwi."

Damu ikanichemka. Wamekosa pa kunishika kwenye sheria, wakaja kunishika kwenye mila. Na baba mkubwa, mtu niliyemheshimu tangu utotoni, amekubali kutumwa! Nilitaka kumtupia ng'ombe jani lile alitafune.

Kisha nikalitazama vizuri, nikaanza kucheka.

Isale huletwa na mkosaji.

Nikalipokea kwa mikono miwili. "Aika, nashukuru, baba mkubwa. Mwambie nimemsamehe kwa kutudanganya kuhusu maji. Nimemsamehe kabisa, kwa moyo safi."

"Na jina?"

"Msamaha ameomba, nimempa. Isale la kuombea jina la mtu mimi sijawahi kuliona, baba. Wewe umewahi?"

Akavuta bakuli, akala mtori wote, akaomba mwingine. Sijui atamwambia nini aliyemtuma, ila aliondoka akitikisa kichwa, na nadhani alikuwa anatabasamu.

Basi hiyo hapo chini ya ramani ni picha ya jani lenyewe. Bwana mkubwa amekiri kwa mila zetu, na wazee wote wanaonywesha kwa mfongo huu wanajua maana yake. Aliyeomba radhi harudii kosa. Ramani haifutwi.

Kesho asubuhi naenda wilayani, nimevaa gauni langu la kanisani. Watauliza tena, na watauliza kwa ukali. Nawe uliyenipa ramani, kama unasoma hapa: nenda kazini kama kawaida, waamkie wakubwa zako, kunywa chai yako. Jina lako halitatoka kinywani mwangu.