Sarafu Niliyomrushia Mama Zaina

Jumanne jioni. Mvua imekatika, ziwa limechafuka, na mimi nina wivu.

Naandika hivyo hivyo, bila kuficha. Nina wivu na Mama Zaina, jirani yangu hapa Rumonge, Burundi, ninayetenganishwa naye na ua wa matete tu. Mchana nimepika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mawese, chakula ninachokipenda kuliko vyote, nikala matonge mawili nikasukuma sahani.

Wiki iliyopita aliuza sarafu. Sarafu moja tu, ya dhahabu, ya enzi za Wajerumani, ina ndovu upande mmoja na tai upande wa pili. Iliuzwa kwa mnada huko Ulaya. Bei siiandiki, nikiiandika nitalia. Niseme tu kwamba mchanga na matofali vimemwagwa mbele ya mlango wake hata baiskeli haipiti.

Sarafu ile ilikuwa yangu.

Kabla ya mfungo uliopita nilikuwa nachimba shimo la nguzo ya jiko langu la nje. Jembe likagonga kitu. Nikavuta, kikatoka kitambaa kilichooza, na ndani yake kitu cha mviringo chenye picha ya mnyama. Mtu wa kwingine angepiga kelele, jamani, dhahabu! Mimi nilisema, nimetegewa.

Huku kwetu kitu kilichofungwa kitambaa na kufukiwa kwenye lupango lako, kiwanja unachoishi, hakuna anayekichukulia kuwa cha heri. Na sikuwa na haja ya kuuliza nani kakifukia. Siku zile nilikuwa nimenuniana na Mama Zaina. Alichemsha chikichi kwenye pipa nyuma ya ua, masizi yakaruka yakatua kwenye mashati meupe ya wanafunzi niliyokuwa nimeyashona, nikayafua na kuyaanika. Nilimwambia maneno, naye akanijibu maneno. Kwa hiyo nilipokiona kile kitambaa, hukumu nilikuwa nimeshaitoa.

Sikukigusa kwa mkono. Nilikibeba kwa jani la mgomba, nikasoma Ayatul Kursi, nikakirusha juu ya matete kirudi kwa mwenyewe. Usiku ule nililala fofofo. Baba Shabani, mume wangu, aliniambia nimefanya vizuri sana. Leo anakana.

Tukapatana, kama majirani wanavyopatana, mmoja anaomba chumvi, mwingine anatoa. Idi ikafika, kaka yake Mama Zaina akaja kutoka Ubelgiji, akaikuta sarafu nyumbani kwa dada yake, akaigeuza, akaipiga picha, akaondoka nayo. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Siku ya mnada nilikuwepo. Tulikaa wanawake peke yetu uani kwa Mama Zaina, tukiangalia kwenye simu yake jinsi vitu vinavyouzwa huko moja kwa moja. Mara picha ikaganda. Mega za intaneti zimekwisha! Nani ana mega? Kila mtu akanigeukia mimi, maana wanajua ninaandika mambo yangu mtandaoni. Nikamwashia za kwangu.

Mzungu mwenye suti alikuwa anataja bei kwa Kifaransa cha haraka, na kila ikipanda wanawake wanapiga vigelegele. Nami nikapiga. Ningenyamaza ingekuwaje? Mwisho nyundo ikagonga, Mama Zaina akaruka akanikumbatia mimi wa kwanza, akasema, "Murakoze, asante jirani, bila mega zako tusingeona!"

Mega zangu, sarafu yangu, na vigelegele vyangu juu yake.

Tangu hapo sina raha. Nikisikia harufu ya nyama kutoka kwake, nachungulia. Nikiona beseni jipya, naumwa kichwa. Juzi nimemkatia mteja mkono mmoja wa gauni mfupi kuliko mwenziwe, nikamdanganya ndiyo mtindo.

Jana nikaamua. Nitamwambia ilitoka kwangu, tugawane, na akikataa twende kwa wazee wa mtaa. Baba Shabani alikuwa anashona wavu wake, hakuinua hata kichwa.

"Utawaambia nini hao wazee? Kama ulimurushia uchawi?"

"Nitasema ilinidondoka."

"Ilidondoka, ikaruka ua?"

Mwanaume huyu angekuwa wakili.

Leo asubuhi nimekwenda. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima, na njia yenyewe ni kuzunguka ua tu. Nimemkuta jikoni anakaanga mandazi. "Amahoro, Mama Shabani, karibu, kaa." Akanimiminia chai kabla sijafungua mdomo, kisha akaanza yeye.

"Unajua ile sarafu niliiokota wapi? Hapa kwangu, chini ya matete, upande wa kuelekea kwenu. Weee, niliogopa! Nilisema, muntu amenitegea. Nikaishika na jani, nikainua mukono niirushe kwenu, itoke tu kwangu."

Chai ilinipalia. Akanipiga mgongo, akaendelea.

"Nikaona hapana. Kwa Mama Shabani kuko watoto. Na ule hawezi kunitakia mubaya, ni masizi tu iligombanisha sisi. Nikaiweka mu kopo ya chumvi, nikaomba Mungu, basi."

Nilikuwa nimeshika andazi, sikuweza kulirudisha sahanini wala kulila. Akafuta mikono kwenye kitenge, akainua viganja.

"Muntu mwenye aliitupa hapa, hata kama alitaka kuniua, Mungu amubariki yeye na watoto wake."

Nikasema amina. Nilisema kwa sauti kuliko yeye mwenyewe. Ningefanya nini? Dua ilikuwa yangu.

Kisha akaniambia mafundi wanaanza kesho kujenga ukuta wa matofali badala ya matete, na upande wangu pia atanipigia lipu, nisitoe chochote. Akaniuliza nautaka urefu gani. Nikamwambia mfupi tu, jirani, tuwe tunaonana.

Nimerudi nyumbani, Baba Shabani akaniuliza, "Mumegawana?" Nimempa mandazi aliyonifungia Mama Zaina, akala yote, hakuuliza tena.

Bado nina wivu. Nilidhani ungepungua, kumbe umeongezeka. Kwanza ulikuwa wa sarafu. Sasa namwonea wivu hata moyo wake, maana yeye aliinua mkono akaushusha, mimi niliinua nikarusha.

Sarafu ningeweza kwenda kuidai kwa wazee. Moyo kama huo nitaudai kwa nani?