Je, Uboho wa Mchumba Utanifanya Dada Yake?

Mama Euphrasie, nakuandikia nikiwa nimesimama maana kukaa kunanichoma, na kichwa nacho kimevurugika, naomba unifungulie njia. Mimi ni mjane wa hapa Alunguli, nauza mchele wa Kibombo, na mgongo wangu uliharibika wakati wa vita, mwaka 2002, askari walipotubebesha maboksi ya risasi njia ya Kailo, nikaanguka, na kijana mmoja, Djamali, akachukua boksi langu akaliweka juu ya lake, na huyo Djamali leo ni mtu mzima kama mimi, mke wake alifariki, tumekubaliana kuoana na familia zimeshakutana. Sasa hospitali wameniambia diski mbili, ile mito laini kati ya pingili za mgongo, zimechakaa, na hapa mtaani amekuja bwana anayejiita Docta Mardochée, amepanga chumba, anasema Ulaya wanatibu kwa chembe hai za ndani ya mifupa, atachota uboho kwenye nyonga ya mtu mwenye nguvu anidunge mgongoni, diski ziote upya, nikauliza mtu gani, Djamali akadakia, "Njo mimi nitatoa. Mugongo yako ni mugongo yangu," nikalia kwa furaha, kumbe nimefurahi mapema, maana baba yangu mdogo Tambwe aliposikia akasema, "Weye Hélène, wazee walichanjana kuwa ndugu, tone moja tu ya damu, na watoto yao hawakuoana. Sasa weye utatiwa uboho, mama ya damu! Utakuwa dada yake. Atakuoa namna gani?"

Tangu hapo sielewi kitu, nikidungwa nampoteza mume, nisipodungwa nampa mume mke asiyeweza kuinama kuwasha moto, jana nikitoka mtoni na ndoo ya maji kichwani nilisimama njiani nikicheka na kulia pamoja, watu wakadhani nimepagawa, na Mardochée anatungoja Jumamosi. Niwe mke au niwe mzima?

Hélène, Alunguli

Hélène, pole mama. Pole kwa boksi lile na pole kwa mgongo. Pole zimekwisha, sasa sikiliza.

Baba yako mdogo Tambwe si mjinga. Undugu wa kuchanjana ulikuwepo na uliheshimiwa. Lakini ulikuwa kiapo: wembe, mashahidi, na maneno yaliyotamkwa kwa hiari. Mtu aliyeongezewa damu hospitalini hamtafuti aliyeitoa ili amwite kaka. Nenda na kuku, umweleze mzee kwa heshima, atakuelewa. Ndoa yako haina kizuizi. Hatari iko kwenye kile chumba cha kupanga.

Nimemuuliza daktari wa mifupa ninayemwamini. Ni kweli, wapo watafiti nchi za mbali wanaodunga chembe hai kwenye diski, za mgonjwa mwenyewe au za mtu asiyemjua kabisa. Wengine wamepata nafuu, wengine hawakupata kitu, na kazi bado inapimwa. Hakuna mkweli anayeahidi kwamba diski itaota kama muhogo. Tena wanafanya hivyo katika chumba kisicho na vijidudu, sindano ikiongozwa na mashine ya picha. Mardochée ana nini? Kitanda na ulimi. Uchafu ukiingia kwenye diski, haya maumivu ya leo utayatamani. Jumamosi usiende, na Djamali naye asikanyage huko.

Rudi hospitali uombe mtu wa kukufundisha mazoezi ya mgongo, na dawa ya maumivu kwa kipimo. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikukatalia, kimbia siku hiyo hiyo.

Na wewe nawe! Mgongo umechakaa, bado unapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani? Unataka uboho wa mtu, na mikono yake huioni? Siku ile njia ya Kailo hukumwomba, na alibeba boksi lako akiwa amebebeshwa la kwake. Safari hii mwombe. Olewa, na ndoo mpe Djamali.