Wimbo wa Mapacha Hatukuwaimbia Wageni

Rungwe Mpya, Kasulu. Jumamosi, mwezi wa saba, 1976.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kiangazi, ile inayopasua midomo, kisha jua likatoka na vumbi likaanza. Sasa ni jioni. Mikono inaniuma, mgongo unaniuma, na nimeridhika.

Acha niseme kosa langu kwanza.

Wiki mbili zilizopita Bwana Selemani, mwenye duka Kasulu mjini, alikuja na gari lake kwenye shule ninayofundisha. Alisema kuna Wazungu wanne wako Kigoma, wamekwisha kuwaona sokwe, na sasa wanataka kuona maisha ya huku milimani kabla ya kuendelea Kibondo. Akaniuliza sisi Waha tuna nini cha kuwaonyesha. Aliuliza kwa heshima tu. Yeye ni mtu wa Bagamoyo, huku amefuata riziki. Lakini lile "mna nini" lilinichoma. Nikamjibu kwamba tuna wimbo wa mapacha, na kwamba akina mama watauimba Jumamosi.

Niliahidi kitu kisicho changu.

Wimbo ule huimbwa mapacha wanapozaliwa, siku ya kuwatoa nje, na wanaouongoza ni wanawake. Una maneno ambayo siku nyingine ukiyatamka mbele ya mkweo utahama kijiji. Siku hiyo moja yanaruhusiwa, kwa kuwa mapacha huja na mambo yao na ndivyo wanavyopokewa. Mimi mwenyewe ni Butoyi, pacha mdogo. Mkubwa wangu, Bukuru, ameolewa Kibondo. Aliyetuimbia ni shangazi yetu Yozefina.

Jumatatu nilimwendea, nikamkuta anasuka kikapu. Nilizunguka sana. Nilisema tangu tuhamie vijiji hivi vipya tumeacha mengi kule kwenye mahame yetu, na huenda wageni wakiupenda wimbo hautapotea. Nilisema pia watanunua vikapu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Hao mapacha wako wapi?" akauliza.

Nikasema hakuna mapacha, ni wageni tu.

"Basi nitakuwa namwimbia nani? Mimi niliwaimbia wewe na Bukuru, mkiwa wadogo kama viganja. Wimbo ule ukiuimba pasipo na watoto, maneno yake yanabaki matusi."

Nilisema tu kwamba neno limekwisha kunitoka. Alisuka mzunguko mzima kabla ya kusema tena. Hakunigombeza. Alisema wageni waje, mgeni hafukuzwi, lakini wasikae kwenye viti kututazama kama walivyowatazama wale sokwe. Maharage yake yalikuwa uwanjani yanangoja kupurwa. Waje wapure.

Nilipaswa kumpelekea Bwana Selemani habari. Sikupeleka. Niliogopa, na nikaendelea kuogopa hadi leo saa nne, gari lilipoingia.

Akina mama kumi walikuwa wamesimama na fimbo zao kuzunguka maharage. Wageni wakashuka, wanaume wawili na wanawake wawili, wakasema "mwakeye", salamu ya Kiha waliyofundishwa njiani, na akina mama wakaitikia kwa furaha. Bwana Selemani akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini wimbo wa mapacha utaanza saa ngapi. Ilinibidi nimwambie ukweli, kwamba niliahidi bila kuwauliza wenyewe. Alikunja uso. Kabla hajanijibu shangazi alikuwa amemwekea fimbo mkononi.

Wimbo wa kupura maharage ni wa kazi. Upande huu ukiinua fimbo, ule unashusha, na sauti ndiyo inayowapanga. Mzungu mmoja mrefu alipoteza mapigo, akawa anapiga ardhi tupu, na akina mama wakamtungia ubeti palepale. Alipoomba tafsiri nilimwambia: wanasema unapiga kama mtu aliyenyimwa mke. Alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Selemani alikuwa amefunga kanzu yake kiunoni, anaitikia Kiha asichokijua, jasho linamtoka.

Wakati wa kupumzika, mama mmoja wa Kizungu mwenye kinasa sauti akaniuliza kuhusu wimbo wa mapacha. Alikuwa amezisikia sifa zake njiani. Nilimweleza kwamba una siku yake na siku yenyewe si leo, na kwamba aliyekosea ni mimi. Akauliza kama angeweza kuunasa huu wa maharage.

Safari hii niliuliza.

Shangazi alifikiri, akatazama kile chombo, akasema, "Huo achukue. Maharage yako kila mahali."

Waliondoka saa nane na vikapu sita, nywele zimejaa makapi. Bwana Selemani aliniaga vizuri, akasema angependa kuleta wengine. "Ila Mwalimu, safari ijayo nitamuuliza shangazi yako mwenyewe." Nililistahili hilo.

Jioni nilikwenda kumsaidia shangazi kupepeta. Aliniambia wanaoweza kuongoza wimbo wa mapacha sasa wamebaki wawili, yeye na jirani yake ambaye kifua kinamsumbua. Kisha akaniuliza kama mimi ninaujua wote.

Siujui. Najua mwanzo tu, na kiitikio. Nilijisifia wimbo nisioweza kuumaliza, na leo ndiyo mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu.

Hakuonekana kushangaa. Aliendelea kurusha maharage kwenye ungo. "Mapacha wakizaliwa tena nitatuma mtu akuite, usiku au mchana. Usimame karibu nami. Daftari liache nyumbani."

Nimekubali. Lakini mimi ambaye hata mgongo ukiuma lazima niandike, je, nitaweza kushika kitu kwa masikio peke yake?