Msindikize Mpaka Kavimvira

Nyakabiga, Bujumbura
Jumatano, 14 Juni 2023

Mpendwa Mama Mukubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe uliyenilea. Magoti yanasemaje? Na dawa za presha, unazinywa, au umeanza tena kuwagawia majirani? Sisi huku hatujambo. Lisette alishikwa na malaria, ila amepona na mdomo wake umerudi palepale.

Barua hii anakuletea Cirimwami, yule muuza vitenge anayevuka mpaka kila siku. Ningepiga simu, lakini nikianza kulia tu wewe unakata, eti uniti zinaisha. Leo utanisikiliza hadi mwisho.

Najua unajiuliza huyo binti Mgaboni niliyekutumia, Orlane, nimemtoa wapi. Kuna mtandao ambako wasafiri wanatafuta pa kulala bure. Leo unampokea mtu bila malipo. Kesho ukisafiri, nawe unapokelewa na mwingine. Nilijiandikisha kwa sababu ya upweke tu. Zamu yangu ya kusafiri haifiki, unajua. Nikivuka kurudi nyumbani, karti yangu ya ukimbizi inakufa, na ya Lisette pamoja nayo.

Huyo Orlane alinichekesha! Aliniandikia mapema kwamba atalala siku tatu. Mgeni anatangaza siku ya kuondoka kabla hajavua viatu! Halafu akataka kuosha sahani, nikamnyang'anya. Lakini sombe na ndagala alikula vizuri, akauliza Uvira kukoje. Ee Mama, hapo nilifunguka. Nikamweleza maua yako ya kwenye makopo ya maziwa, mlango wa jikoni unaolia, chumba nilicholala tangu utoto. Akasema basi atapita huko, aniangalizie.

Nilimwonea wivu, sikufichi. Mtu wa Libreville alale kitandani kwangu, na mimi ninayeiona milima ya kwetu kila nikianika nguo nisifike! Lisette naye akaniuliza, "Mama, mugeni anaenda kwa bibi, na siye apana?" Nikamwambia aende akacheze.

Jumatatu nilimsindikiza mpaka Gatumba. Begi lake nilibeba mimi mgongoni, ulivyotufundisha: mgeni hashiki mzigo mpaka mnapoagana. Mlinzi wa mpaka akaona begi, akadhani msafiri ni mimi. "Pita, mama, pita, unafunga njia!" Orlane alikuwa nyuma yangu anatafuta pasipoti. Haki ya Mungu, miguu yangu ilitaka kwenda. Nilisimama pale mpaka mlinzi akakasirika. Kisha nikavua begi, nikampa mwenyewe, nikageuka haraka asinione machozi.

Garini nikawakumbuka wageni wako. Kuna siku ulimsindikiza Mama Murhula hadi mlangoni kwake, naye akaona aibu, akakurudisha hadi kwetu, nawe ukamsindikiza tena. Sisi watoto tukala maharage yaliyoungua. Nikacheka peke yangu, watu wakanitazama.

Ndiyo maana ninaandika. Orlane anarudi huku Jumamosi. Najua ulivyoapa kwamba hutoki Uvira, kwamba nyumba ukiiacha tupu wataingia wengine. Sikuombi uhame, Mama. Sikuombi hata uvuke. Ila tangu lini mgeni wako akaondoka peke yake? Mdogo wangu Destin alinde nyumba asubuhi hiyo moja, nawe umsindikize Orlane mpaka Kavimvira, pale mpakani upande wenu. Begi abebe mwenyewe, hayo magoti nayajua. Mimi nitakuja kumpokea upande huu, na Lisette nitamleta.

Sijui kama watatuachia tushikane mikono. Nimekukosa sana, hata kukuona kwa mbali kutanitosha. Vaa kile kitenge chako cha njano. Lisette anakujua kwa picha tu, na nataka nimnyooshee kidole nimwambie: bibi yako ni yule pale.

Nisalimie Destin, na umwambie asilale na ufunguo mfukoni. Nisalimie Mama Murhula na wote wa kanisani.

Mungu akupe nguvu ya kutembea Jumamosi. Tutakuwa pale tangu asubuhi.

Mwanao akupendaye na kukungoja,
Scholastique